Kufundisha Michoro ya Kompyuta kwa Wanafunzi wa Sanaa na wa Sayansi: Mwongozo wa Mwalimu

Michoro ya kompyuta hutegemea elimu mbili ambazo shuleni na vyuoni hufundishwa katika majengo tofauti. Kila picha inayotokea kwenye skrini ni zao la hesabu: mahali pa kila nukta, mwelekeo wa kila uso, kiasi cha mwanga unaolifikia jicho. Picha hiyohiyo hupimwa na jicho la mtazamaji, na jicho halina habari na usahihi wa hesabu ikiwa umbo limekaa vibaya au rangi zinagombana. Mwanafunzi wa sayansi anayezijua vekta lakini hajafunzwa kutazama hutoa picha iliyo sahihi na isiyosomeka. Mwanafunzi wa sanaa aliyefunzwa kutazama lakini hazijui vekta hubaki akibonyeza vitufe vya programu iliyotengenezwa na wengine, na siku programu ikigoma hana pa kushika.

Fani yenyewe ilijengwa na watu wa pande zote mbili. Ivan Sutherland alikuwa mwanafunzi wa uhandisi MIT alipotengeneza Sketchpad, mwaka 1963, ili mtu aweze kuchora moja kwa moja kwenye skrini kwa kalamu ya mwanga. Vera Molnár, mchoraji mzaliwa wa Hungaria aliyeishi Paris, alianza kutumia kompyuta mwaka 1968 kwa sababu alitaka kubadilisha mpangilio wa miraba hatua kwa hatua na kuona kila tokeo. Katika Chuo Kikuu cha Cornell, Donald Greenberg alifundisha wasanifu majengo na wahandisi, na mwaka 1984 kundi lake lilichukua hesabu ambazo wahandisi walikuwa wakizitumia kukadiria usambaaji wa joto, likazitumia kuchora mwanga unaorudi kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Ugunduzi wa namna hiyo huhitaji mtu anayeona kwamba kivuli ndani ya chumba si cheusi, na mtu anayejua hesabu ya kukieleza. Darasa lililochanganywa vizuri hulenga kumfanya mwanafunzi mmoja awe watu hao wote wawili.

Kanuni inayoongoza kozi nzima

Kila zoezi lifanywe mara tatu na mwanafunzi yuleyule: kwa mkono, kwa hesabu, kisha kwa msimbo. Mpango huu una sababu tatu. Mkono humlazimisha mwanafunzi kutazama kitu kwa muda mrefu kuliko alivyozoea. Hesabu humlazimisha kusema kwa namba kile alichokiona. Msimbo humwonyesha kama alichosema kinatosha, kwa kuwa kompyuta haijazii pengo lolote ambalo binadamu angelijaza kwa kukisia.

Mwalimu asiruhusu mwanafunzi achague njia ile anayoiweza tu. Hapo ndipo madarasa mengi ya mseto yanapoharibikia. Kundi linaundwa, wa sanaa anapewa kuchora, wa sayansi anapewa kuandika msimbo, kazi inatoka nzuri, na mwisho wa muhula kila mmoja anaondoka na ujuzi uleule alioingia nao.

> Vifaa vya kuanzia
> - Karatasi ya grafu, rula, bikari, kipimapembe, penseli, vipande vya mkaa na ufutio.
> - Tochi moja kwa kila kundi, na kitu cheupe chenye umbo la mviringo kisichong'aa: yai lenye ganda jeupe, au mpira uliopakwa chokaa.
> - Kompyuta moja kwa kila wanafunzi wawili. Ya zamani inatosha kwa mazoezi yote ya mwongozo huu.
> - Processing, programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 2001 na Casey Reas na Ben Fry kwa ajili ya wachoraji wanaojifunza kuandika msimbo. Ikishawekwa kwenye kompyuta hufanya kazi bila intaneti.
> - p5.js, ndugu yake inayofanya kazi ndani ya kivinjari, kwa wenye simu au kishikwambi tu. Faili zake zipakuliwe mapema na kugawiwa kwa flashi.
> - Blender, kwa watakaoendelea na maumbo ya pande tatu. Ni ya bure, lakini inahitaji kompyuta yenye nguvu zaidi. Isiwe sharti la kuanza.

Katika kila zoezi, karatasi hutangulia kompyuta. Faida ya kwanza ni ya kielimu, na ya pili ni kwamba umeme ukikatika kipindi hakivunjiki.

Zoezi la kwanza: pindo la khanga

Khanga ni mahali pazuri pa kuanzia kwa sababu mpangilio wake unajulikana na kila mtu darasani: pindo linalozunguka pande zote nne, mji katikati, na jina lililoandikwa ndani ya mji karibu na pindo la chini. Ndani yake mna majira ya nukta, urudiaji, mzunguko na ulinganifu, yaani karibu kila kitu kinachohitajika katika wiki za mwanzo. Wanafunzi wa sanaa huingia wakiwa na la kusema, na wale wa sayansi hugundua upesi kwamba kitambaa walichokiona tangu utotoni kina hesabu wasiyoijali.

Mwalimu atoe vipimo hivi bila maelezo: upana wa skrini pikseli 900, kimo 600, pindo lenye upana wa 90, na motifu moja inayojaza mraba wa 90 kwa 90. Kila mwanafunzi apange motifu hizo kwenye karatasi ya grafu. Upande wa juu zinaingia 10 barabara. Upande wa kushoto, baada ya kuondoa kona mbili, zimebaki pikseli 420. Motifu nne zinachukua 360 na inabaki nafasi ya 60 isiyotosha motifu ya tano.

Hapo mwalimu anyamaze, aache darasa libishane. Kwa kawaida hupatikana suluhisho mbili. Moja ni kubadilisha kimo kiwe 630, ili upande ubakiwe na 450 na motifu tano ziingie sawasawa. Nyingine ni kuacha kimo kilivyo na kubana motifu za pembeni ziwe na urefu wa 84, kwa maana 420 ukigawa kwa 5 ni 84. Zote ni halali. Zichorwe zote mbili, kisha darasa litazame kama jicho linaona tofauti kati ya motifu ya 90 na ile ya 84. Jibu hutegemea motifu yenyewe: ua lenye majani mengi huficha tofauti, lakini duara lililobanwa huonekana mara moja kwamba limekuwa yai. Mwanafunzi aliyeliona hili kwa macho yake ameelewa kwa nini uamuzi wa hesabu hauwezi kufanywa bila kuijua picha.

Hatua za kuandika msimbo, kwa kimo cha 630:

1. Chora motifu moja ambayo kitovu chake ni nukta (0, 0), ikienea kutoka −45 hadi 45 pande zote. Kitovu kikiwa hapo, motifu itazunguka mahali pake bila kuruka.
2. Ifanye motifu hiyo iwe amri moja yenye jina, ili iitwe popote kwa neno moja.
3. Kwa kitanzi, rudia motifu mara 10 upande wa juu: y ni 45, na x ni 45, 135, 225, hadi 855.
4. Rudia hivyohivyo upande wa chini, y ikiwa 585.
5. Jaza pande za kushoto na kulia: x ni 45 na 855, na y ni 135, 225, 315, 405 na 495. Jumla ya motifu ni 30. Mwanafunzi azihesabu kwenye skrini.
6. Geuza motifu ili zote zielekee mjini: za juu nyuzi 0, za kulia 90, za chini 180, za kushoto 270.
7. Shughulikia kona. Motifu ya kona ielekee wapi? Programu haiwezi kulijibu swali hili. Kila mwanafunzi aamue, achore, na atoe sababu.

> Tahadhari
> - Kwenye skrini, y huongezeka kwenda chini, kinyume na grafu za darasani. Mwanafunzi wa sayansi ndiye hukosea zaidi hapa, kwa sababu ana mazoea.
> - Processing na p5.js hupima pembe kwa radiani. Anayeandika sini ya 90 akitarajia 1 hupata takriban 0.894. Nyuzi zigeuzwe kuwa radiani kwanza.
> - Kuhamisha kisha kuzungusha ni tofauti na kuzungusha kisha kuhamisha. Wanafunzi wasimame na kutembea: hatua tatu mbele kisha kugeuka kulia, halafu kugeuka kulia kisha hatua tatu mbele. Wataona wanaishia mahali tofauti.
> - Ndani ya kitanzi, mhamisho wa kila mzunguko hujumlishwa na uliotangulia usipofutwa. Motifu zikitoroka nje ya skrini, kasoro huwa hapa mara nyingi.
> - Katika Processing, 1 ukigawa kwa 2 hutoa 0, kwa kuwa namba zote mbili ni kamili. Iandikwe 1.0.

Zoezi la pili: mwanga juu ya mpira

Hili ndilo zoezi la kupewa muda mwingi kuliko yote. Ni hapa ambapo mchoraji na mwanahesabu hugundua kwamba wamekuwa wakizungumzia jambo moja.

*Kwa mkono.* Chumba kitiwe giza. Yai au mpira uwekwe juu ya karatasi nyeupe, tochi iwe upande wa kushoto, mbele kidogo ya kitu, ikikielekea. Kila mwanafunzi achore kwa mkaa kwa muda wa kipindi kizima, bila kuchora mstari wa ukingo; umbo litokane na mwanga na giza tu. Kabla ya kuanza, atengeneze ngazi ya vivuli 10 kutoka weupe wa karatasi hadi weusi wa mkaa, na kila sehemu ya mpira ailinganishe na ngazi hiyo huku akifinya macho. Wanafunzi wa sayansi wapewe msaada hapa: wengi huchora duara, hulipaka kijivu, na kudhani wamemaliza.

*Kwa hesabu.* Johann Heinrich Lambert alieleza mwaka 1760 kwamba mwanga unaopokelewa na uso hutegemea kosaini ya pembe kati ya mwelekeo wa mwanga na mstari unaosimama wima juu ya uso huo. Pembe ikiwa 0, uso hupata mwanga wote. Ikiwa nyuzi 60, hupata nusu. Ikiwa 90 au zaidi, haupati kitu. Sababu inaonekana kwa tochi na karatasi: karatasi ikielekea tochi, doa la mwanga ni dogo na kali, ikilazwa, mwanga uleule husambaa juu ya eneo kubwa na kufifia.

Kwa mpira, hesabu ni nyepesi kwa sababu mstari wima wa kila nukta hutoka kwenye kitovu. Mpira uwe na nusu kipenyo cha 100 na kitovu chake kiwe (0, 0, 0), z ikielekea kwa mtazamaji. Vekta inayoelekea kwenye tochi iwe (−0.6, 0, 0.8), ambayo urefu wake ni 1. Kwa kila nukta:

1. Chukua x na y, kisha tafuta z: kipeo cha pili cha 100, toa kipeo cha pili cha x, toa kipeo cha pili cha y, halafu tafuta kipeuo cha pili cha jibu.
2. Gawa x, y na z kwa 100. Hiyo ndiyo vekta wima.
3. Zidisha kila sehemu ya vekta wima kwa sehemu inayolingana nayo ya vekta ya mwanga, kisha jumlisha.
4. Jibu likiwa chini ya 0, andika 0.

Nukta hizi nne zifanywe na kila mwanafunzi kwenye daftari, bila kikokotoo:

- Katikati ya mpira, (0, 0): z ni 100, mwanga ni 0.8.
- Kushoto, (−60, 0): z ni 80, mwanga ni 1. Hapa ndipo penye mwanga mkali kuliko kwingine kote.
- Kulia, (60, 0): z ni 80, mwanga ni 0.28.
- Kulia zaidi, (80, 0): z ni 60, mwanga ni 0. Hapa ndipo mchana wa mpira unapokoma na usiku unapoanza.

Kisha mwanafunzi aende kwenye mchoro wake wa mkaa, aweke kidole mahali pa nukta hizo nne, na alinganishe. Mara nyingi nukta tatu za kwanza zinakubaliana na mkaa kwa karibu sana. Ya nne huleta mabishano, na mwalimu ayakaribishe.

*Kwa msimbo.* Vitanzi viwili vinapita kila pikseli ndani ya duara, hatua nne za juu zinafanywa, na jibu linazidishwa kwa 255 na kupakwa kama kijivu. Programu nzima haizidi mistari ishirini na kitu. Mpira unatokea kwenye skrini.

Unatokea, lakini hauishi. Upande wa kulia ni mweusi tititi, na mpira unaonekana kama mwezi ulioning'inia gizani. Mchoro wa mkaa haukuwa hivyo. Mwanafunzi wa sanaa aliyetazama vizuri atakuwa amechora ukanda wa giza zaidi pale mwanga unapokoma, kisha weupe hafifu karibu na ukingo wa kulia, ambao ni mwanga uliogonga karatasi ya mezani na kurudi juu ya mpira. Hesabu ya Lambert haina habari na karatasi hiyo. Mkaa ndio uliosema kweli zaidi, na programu ndiyo inayopaswa kusahihishwa.

Usahihishaji uende kwa ngazi. Kwanza, mwanga mdogo usiobadilika, tuseme 0.1, uongezwe kila mahali. Darasa litaona kwamba weusi umepungua lakini upande wa kivuli umekuwa bapa. Pili, iongezwe taa hafifu ya pili inayotoka chini upande wa kulia, ikiwakilisha karatasi. Ukanda wa giza unatokea wenyewe. Tatu, kwa wanaotaka mng'ao, ipo njia ya Bui Tuong Phong, mzaliwa wa Vietnam aliyesoma Chuo Kikuu cha Utah na kuichapisha mwaka 1975: kosaini ya pembe kati ya mwanga unaoakisiwa na jicho hupandishwa kwenye kipeo. Kipeo cha 5 hutoa mng'ao mpana kama wa udongo uliolowa. Kipeo cha 100 hutoa kinukta kikali kama cha gololi. Mwanafunzi abadilishe namba hiyo huku akiwa na vitu halisi mezani, mpaka apate inayofanana na kitu alichonacho.

Makosa ya kuepuka katika zoezi hili ni mawili. La kwanza ni kuanza na msimbo ili "kuokoa muda". Bila mchoro wa mkaa mwanafunzi hana cha kulinganisha, na mpira mweusi nusu huonekana kwake kuwa kazi iliyokamilika. La pili ni kuukubali mchoro ulionakiliwa kutoka kwenye picha ya simu. Kamera hurekebisha mwanga yenyewe na kufuta tofauti ndogondogo ambazo zoezi linazitafuta.

Rangi: jaribio moja na kanuni moja

Programu huandika kila rangi kwa namba tatu za nyekundu, kijani na buluu, kila moja kutoka 0 hadi 255, jambo linaloleta michanganyiko 16,777,216. Wanafunzi wa pande zote mbili hudhani kwamba 128 ni nusu ya mwanga wa 255. Jaribio hili huwatoa dhana hiyo:

1. Chora mraba wenye mistari ya mlalo yenye unene wa pikseli 1, mmoja mweusi na mmoja mweupe kwa kupokezana.
2. Pembeni yake chora miraba miwili ya kijivu, mmoja wa 128 na mwingine wa 188.
3. Hakikisha picha inaonyeshwa kwa ukubwa wake halisi, asilimia 100. Ikikuzwa au kupunguzwa, jaribio linaharibika.
4. Rudi nyuma hadi mistari ichanganyike machoni.

Mistari hutoa nusu ya mwanga wa nyeupe, na kwenye skrini iliyorekebishwa vizuri itafanana na 188. Kijivu cha 128 hutoa takriban asilimia 22 tu ya mwanga. Namba za skrini zimepangwa kufuata wepesi wa jicho la binadamu katika kutofautisha vivuli vya giza, na ndiyo maana hesabu za mwanga zikiingizwa moja kwa moja kama namba za pikseli hutoa picha iliyo nyeusi kupita kiasi. Mpira wa zoezi la pili urudiwe kwa kupandisha jibu kwenye kipeo cha 1 ukigawa kwa 2.2 kabla ya kuzidisha kwa 255, na ulinganishwe tena na mkaa.

Kanuni inahusu usomekaji. Jicho halizipi rangi tatu uzito sawa: katika ung'avu unaoonekana, kijani huchangia takriban 0.72, nyekundu 0.21 na buluu 0.07. Njano kamili, yaani nyekundu na kijani pamoja, ina ung'avu wa 0.93 wa nyeupe, kwa hiyo maandishi ya njano juu ya nyeupe hayasomeki hata yakiwa makubwa. Buluu kamili juu ya nyeusi hupotea vilevile. Hili lijaribiwe kwenye jina la khanga ya zoezi la kwanza, kisha kwenye grafu ya maabara ya mwanafunzi wa sayansi. Njia ya haraka ya kukagua ni kugeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe: vitu viwili vikifanana, tofauti ya rangi peke yake haitawafaa wasomaji wengi, wakiwamo wasiotofautisha nyekundu na kijani.

Mikunjo na vurugu ndogo

Mazoezi mawili mafupi hufuata. La kwanza ni mkunjo uliobuniwa katika viwanda vya magari vya Ufaransa: Paul de Casteljau wa Citroën mwaka 1959, na Pierre Bézier wa Renault, ambaye jina lake ndilo lililobaki kwa sababu Citroën iliifanya kazi ya de Casteljau kuwa siri. Kwenye karatasi ya grafu, weka nukta (0, 0), (0, 80), (80, 80) na (80, 0). Tafuta nukta za kati za kila jozi inayofuatana: (0, 40), (40, 80), (80, 40). Tafuta za kati za hizo: (20, 60) na (60, 60). Ya kati ya mwisho ni (40, 60), nayo iko juu ya mkunjo. Badala ya nusu, rudia kwa robo na robo tatu, kisha unganisha. Baada ya hapo mwanafunzi achore herufi moja ya jina lake, ya Kilatini au ya Kiarabu, kwa mikunjo michache iwezekanavyo.

La pili ni bahati nasibu. Chora miraba iliyopangwa kwa safu, kisha kila mraba uhamishwe na kuzungushwa kwa kiasi cha kubahatisha kinachoongezeka kadiri unavyoshuka chini. Georg Nees, Mjerumani aliyefanya kazi ya hesabu na uhandisi, na Vera Molnár walifanya kazi nyingi za namna hii katika miaka ya 1960 na baadaye. Mwanafunzi atafute mahali ambapo mpangilio unaanza kuvunjika machoni, na akiandike kiasi hicho kwa namba. Wanafunzi wawili hawatatoa namba moja, na tofauti hiyo ijadiliwe.

Kuendesha darasa

Wanafunzi wakae wawili wawili, mmoja wa kila upande. Anayeshika kibodi abadilishwe kila baada ya dakika 15, na asiyeshika kibodi ndiye anayesema la kuandika. Mwalimu akiona mmoja ameshika kibodi tangu kipindi kianze, amwondoe bila kuomba radhi.

Kila upande una desturi ya kufundishia inayostahili kuazimwa na mwenzake. Madarasa ya sanaa hubandika kazi ukutani na kuzijadili hadharani. Madarasa ya kompyuta hutafuta kasoro kwa utaratibu, jambo moja kwa wakati mmoja. Kipindi cha ukutani kifuate mtiririko huu:

1. Kazi zote zibandikwe au zioneshwe kwa projekta bila majina. Dakika tano za kutazama kimya.
2. Mwanafunzi aeleze anachokiona, kabla ya kusema kama anakipenda.
3. Darasa litaje jambo moja ambalo jicho linalikataa.
4. Mwenye kazi aseme ni mstari gani wa msimbo, au namba gani, inayosababisha jambo hilo. Asipojua, darasa litafute naye kwa kubadilisha namba moja moja.
5. Marekebisho yafanywe palepale, na picha ya zamani ibaki pembeni ya mpya.

Hatua ya nne ndiyo kiini cha kipindi. Ikirukwa, kinachobaki ni maoni tu.

Tatizo moja hujirudia kila mwaka: wanafunzi wa sanaa huingia wakiamini kwamba hawana akili ya hesabu, na wa sayansi wakiamini kwamba hawana kipaji cha kuchora. Mwalimu asijaribu kuwashawishi kwa maneno. Nukta nne za mpira zimechaguliwa makusudi ili majibu yake yatoke safi bila kikokotoo, na ngazi ya vivuli 10 humpa asiyejua kuchora kitu cha kupima badala ya kitu cha kuogopa.

Kutoa alama

Alama zigawanywe sawa kati ya kazi ya mkono, ukurasa wa hesabu, programu na maelezo ya mdomo, 25 kwa kila moja, na kipimo kiwe kimoja kwa wanafunzi wote bila kujali wametoka upande gani. Katika kazi ya mkono kinachopimwa ni uangalifu wa kutazama, wala si ustadi wa mkono: je, ukanda wa giza uko mahali pake? Katika programu, msimbo unaoendeshwa na vigeu vyenye majina ya kueleweka upate zaidi ya ule uliojaa namba zilizopachikwa, hata kama picha zinafanana.

> Orodha ya kukagua kazi iliyoletwa
> - Je, mchoro wa mkono ulifanywa kabla ya programu? Tarehe iandikwe kwenye daftari.
> - Je, angalau nukta tatu zimekokotolewa kwa mkono na kulinganishwa na pikseli zilezile kwenye skrini?
> - Je, programu inaendelea kufanya kazi ukubwa wa skrini ukibadilishwa?
> - Je, mwanafunzi ametaja mahali ambapo hesabu na jicho vilitofautiana, na uamuzi aliouchukua?
> - Je, msimbo au picha iliyochukuliwa kwa wengine imetajwa ilikotoka?

Mtihani wa mdomo uwe mfupi, wa dakika tano, mbele ya kompyuta, na uhusu kubadilisha kitu. Picha nzuri iliyopakuliwa, au iliyotengenezwa na mashine kwa maelezo ya maneno, haiwezi kutofautishwa na kazi ya mwanafunzi kwa kuitazama tu. Lakini mwanafunzi aliyeuandika mpira wake mwenyewe, akiambiwa aihamishe tochi kutoka kushoto kwenda kulia, ataigeuza −0.6 kuwa 0.6 kwa sekunde chache, na kabla hajaiendesha programu ataweza kuonyesha kwa kidole mahali ambapo mwanga utaangukia. Anayeshindwa arudishiwe yai, tochi na mkaa, na apewe wiki moja ya kuanza upya.